Dakika Nne za Wifi Yangu

Wifi yangu alinipa namba tisa, nami nikamnunia siku mbili nzima. Mama mkwe alipewa namba moja, sawa, mkubwa ni mkubwa. Lakini fundi viatu wa mlango wa pili, mtu ambaye tuligombana naye miaka mitano kwa sababu ya maji machafu ya mfereji wake, alipewa nne! Mimi, mke wa kaka yake, ninayesimama kwenye meza ya pasi dukani kwake tangu asubuhi mpaka miguu inavimba, nikawekwa nyuma ya fundi viatu. Nilipomuuliza, alijibu bila kuinua macho.

"Namba hizi hazigawi heshima, wifi. Zinagawa miguu. Aliye mzito kushuka ngazi anapata namba ndogo ili aanze kushuka mapema. Wewe mguu wako ni mwepesi kama ulimi wako."

Ndivyo alivyo. Anakutukana na kukusifia kwa sentensi moja, halafu anakuacha usimame pale unachambua lipi ni lipi.

Vita vilitukuta na kazi mkononi. Mwanzoni vilikuwa habari za redioni, mambo ya miji ya mbali. Vikaja vikawa moshi upande wa stesheni ya reli. Halafu asubuhi moja, saa nne hivi, king'ora cha manispaa kililia, na sisi sote tukatoka mlangoni kutazama juu, midomo wazi, kama watu waliokuja kuona gwaride. Bomu lilianguka mtaa wa tatu. Kioo chote cha dirisha la duka kilimwagika juu ya shuka za hospitali nilizokuwa nimemaliza kukunja. Nilizililia zile shuka, sifichi. Wifi yangu yeye aliitazama saa ya ukutani, akasema, "Dakika nne na nusu tangu king'ora," akaandika.

Mara ya pili zilikuwa dakika tano. Mara ya tatu, nne kamili. Akachukua ile iliyo fupi kuliko zote, akatutangazia kwamba kuanzia siku ile hiyo ndiyo saa yetu.

Watu hudhani kazi ya dobi ni kufua. Kufua mtu yeyote anafua. Kazi ya dobi ni kupokea nguo za mji mzima, kuzichanganya kwenye mashine moja, na kumrudishia kila mtu ya kwake. Kila nguo inayoingia kwetu inashonewa kijitambaa cheupe chenye namba, kwa wino usiotoka kwenye maji. Wifi yangu alikabidhiwa duka na mama yake, na kati yao wawili hawajawahi kupoteza hata soksi. Basi jioni ile baada ya bomu la tatu alikata vijitambaa kumi na saba, kimoja kwa kila mtu anayelala au kufanya kazi katika jengo letu la ghorofa tatu, akavigawa na pini zake. Ukiwa jengoni, kitambaa kiko kifuani. Ukitoka kwenda mjini, unakitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga lililo kando ya mlango wa duka. Na king'ora kikilia, unashuka chumba cha chini, unakitundika kwenye msumari wenye namba yako. Vilivyo ukutani ukijumlisha na vilivyo kwenye kopo, lazima ipatikane idadi yetu yote. Isipopatikana, kuna mtu yuko juu.

Tulimcheka, jamani. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya tatu alimuuliza kama atatupiga pasi pia. Wifi akamwambia, "Wewe nitakutia wanga kwanza, umelegea."

Chumba cha chini kilikuwa stoo ya mashine mbovu na mapipa ya sabuni. Alitufanya tutoe kila kitu chenye kioo. Mapipa yakasafishwa, yakajazwa maji ya kunywa, yakafunikwa. Mablanketi mawili yakatundikwa nyuma ya mlango wa chuma, na kila asubuhi aliyeyalowesha ni yeye, ili vumbi na moshi vikija vikute kitu kibichi. Kila mmoja alilala na viatu chini ya kitanda, vimegeuzwa vidole kuelekea mlangoni. Boila, mtambo wa mvuke ambao ndio roho ya duka letu, alisema yeye mwenyewe ndiye atakayeizima na kuiachia mvuke, kwa kuwa boila moto ikitikiswa na bomu inatuua kabla adui hajasogea. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya dakika mbili, kwa hiyo wifi yangu siku zote alikuwa wa mwisho kushuka.

Kisha akataka tundu. "Chumba chenye mlango mmoja ni gunia la nguo," alisema, "likifungwa mdomo limefungwa." Upande wa pili wa ukuta ilikuwa stoo ya fundi viatu. Nilimwona kwa macho yangu wifi yangu, mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi hata alipomkanyaga, akienda kwa yule mzee kumwomba ruhusa ya kuutoboa ukuta wake. Walitoka wamekubaliana. Wiki mbili walipokezana nyundo na tindo, na vumbi la tofali likaingia kwenye mashati yangu meupe ya wateja, nami nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tundu likapatikana, la kumtosha mtu mnene akienda kwa magoti. Wakaliziba kwa ubao.

Namba kumi na nane ilikuja baadaye. Alikuwa baba yangu mzazi.

Nyumba yake upande wa mashariki iliezuliwa paa zima siku moja akiwa sokoni. Akaja kwetu na sanduku moja, ndani yake suti mbili, mashati manne na brashi ya viatu. Baba alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na minne. Hata kustaafu hakukumvua tai. Sasa fikirieni mtu wa namna hiyo, anaishi kwa wakwe, analala chumba cha ghorofa ya pili kilichokuwa cha kuwekea mito, na kila akifungua mlango anakutana na mama mkwe wangu, mkwe wake, ambaye kwake alikuwa bado akisimama na kuinamisha kichwa kama siku ya posa.

King'ora cha kwanza alichokisikia akiwa kwetu kililia saa tatu asubuhi. Dakika mbili, watu wamo chini. Dakika tatu, wifi anazima boila. Dakika nne, mlango wazi unamsubiri mtu mmoja. Bomu la kwanza lilianguka mbali, la pili karibu, dirisha la ngazi likapasuka. Dakika ya saba ndipo baba yangu alipotokea. Alikuwa na suti ya kijivu, tai imekaa sawasawa, na vipande vya kioo mabegani. Akasalimia.

Mimi nilimpigia kelele mbele ya watu wote. Nilimwambia, "Baba, bomu haliangalii tai!" Nilimwambia ananiua kabla ya siku zangu, na mengine ambayo nikiyakumbuka natamani kujiziba mdomo. Alinisikiliza, mikono nyuma. Usiku wa jana yake alikuwa amejitahidi kula taratibu ili asionekane mlaji ugenini, na leo binti yake anamkaripia mbele ya mkwe. Fedheha kubwa zaidi ya hiyo hakuna kwa mtu kama yeye, na aliyempa ni mimi.

Kesho yake wifi alipanda ghorofa ya pili na kikapu cha foronya, akaketi kwenye sanduku la baba, akamuuliza kwa sauti ile ile anayowaulizia wateja kuhusu doa.

"Baba, nikikutaka uwe chini kwa dakika tatu, kinachokuzuia ni magoti au ni kitu kingine?"

Nilikuwa mlangoni. Baba aliirekebisha tai yake, akasema, "Mwanangu, mimi asubuhi nakuwa na fulana na bukta. Nitashukaje hivyo mbele ya mkwe wangu?"

"Kumbe ni hilo tu?" wifi akasema, na wala hakucheka. "Basi hilo ni jambo la nguo. Nguo ni kazi yangu."

Nami binti yake, niliyezaliwa na kulelewa naye, sikuwahi kumuuliza. Iliniuma, na bado inaniuma.

Wifi akachukua pazia zito la hoteli moja iliyofungwa, akalitundika kwenye kona ya chumba cha chini, kushoto tu ukishaingia mlangoni. Nyuma ya pazia akapigilia hanga. Shati, suruali, koti, na tai iliyokwisha kufungwa fundo ili baba aipitishe kichwani tu. Alinipa mimi nizipige pasi. Kisha akampa baba shuka kubwa la kitanda cha watu wawili. "King'ora kikilia, jifunike hili kuanzia utosini, ushuke. Atakayekutazama ataona shuka. Ukifika, ingia nyuma ya pazia, vaa kwa nafasi yako, na hapana mtu atakayesogea pale mpaka utoke." Akatugeukia sisi wengine. "Mmenielewa? Pazia lile halitazamwi."

Tukafanya mazoezi. Baba alishuka kwa dakika mbili na sekunde hamsini. Vilipolia ving'ora viwili vilivyofuata, alitokea nyuma ya pazia kama anaingia ofisini, akatundika namba yake ukutani, akamsalimia mkwe. Mama mkwe akajibu. Nikaanza kupata usingizi.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumanne, saa tano kasoro robo asubuhi. Mimi ndiye niliyepangiwa kumshusha mama mkwe, ambaye kifua kilikuwa kinambana tangu mvua zianze. King'ora kilipolia nilimshika mkono, tukashuka ngazi moja moja, yeye akinihimiza nisimharakishe na mimi nikimwambia sikuharakishi huku nikimvuta. Katikati ya ngazi umeme ukakatika, na dirisha la ngazi tulikuwa tumelipigilia mbao tangu lilipopasuka. Watu wakatupita gizani na tochi, mabegi, mtoto mchanga wa mpangaji akilia. Nilimkalisha mama kwenye godoro, nikampa maji, nikatundika namba yake na yangu.

Wifi aliingia wa mwisho, kama kawaida, mikono yake ikinuka mvuke. Akatundika namba yake, akamulika ukuta. Misumari kumi na mmoja ilikuwa na vitambaa. Kopo alishalichungulia alipopita: sita, mmojawapo ni mume wangu, kaka yake, fundi wa mabomba ya maji ya mji ambaye siku hizo tulimwona mara moja kwa wiki. Kumi na moja na sita ni kumi na saba.

"Kumi na nane," wifi akaita. "Namba kumi na nane!"

Kimya.

"Baba!"

Kimya. Wote tuligeukia mlangoni. Hakuna aliyetazama pazia. Tulikuwa tumefundishwa tusilitazame, tukajifunza vizuri mno.

"Imebaki dakika moja na kidogo," wifi akasema. "Namfuata. Wewe funga mlango."

"Wifi, ni baba yangu. Niende mimi!"

"Mama kifua kinambana na aliyezoea kumhudumia ni wewe. Ukinifuata mtakuwa wawili wa kutafutwa. Funga!"

Alipanda zile ngazi mbili mbili. Nikaufunga mlango wa chuma kama alivyoniamuru, nikaegemeza kipaji cha uso wangu pale, na kilio kikanitoka ambacho sikujua kama ninacho. "Baba yangu jamani! Baba yangu!"

Pazia likasogea.

"Niko hapa, mwanangu," baba akasema. "Unalia nini?"

Alikuwa amesimama na fulana, mguu mmoja ndani ya suruali na mwingine nje. Alishuka mapema, miongoni mwa watu, gizani, amejifunika shuka lake utosini kama alivyoagizwa. Alisikia akiitwa. Baadaye alituambia mwenyewe: alidhani wifi anamhimiza tu, na akahofu akiitika, macho yote yatageukia pazia, na mkwe yuko hatua nne kutoka pale. Akaona bora amalize kwanza kufunga vifungo. Gizani vilikuwa vinamtatiza.

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Pumzi ya pili ikanikata, kwa maana niliona kila kitu kwa pamoja: wifi yangu yuko juu anamtafuta mtu aliye chini, na hataacha kumtafuta, kwa sababu hajawahi kupoteza kitu cha mtu.

Baba alielewa kabla yangu. Nilimwona usoni. Aliivua ile suruali, akaitupa, akanisukuma kando, akafungua komeo, akatoka. Mzee wa miaka sabini na moja, fulana na bukta, miguu yake myembamba iko wazi, akipanda ngazi mbele ya wakwe zake wote huku akipaza sauti ambayo mahakama nzima ingeisikia: "Mwanangu! Niko chini! Rudi! Niko chini!"

Ndipo bomu likaanguka.

Sina maneno ya kueleza mlio, maana hatukuusikia kama mlio. Sakafu ilituinua. Mablanketi yale mabichi yalipigwa upepo mpaka yakatugusa, yakarudi mahali pake, na vumbi lote likaishia kwao. Nilibaki nimeshika mlango kwa mikono miwili. Fundi viatu, namba nne, yule yule wa mfereji, alipita chini ya mkono wangu akiwa na tochi mdomoni, akaenda zake juu. Sikumzuia. Sheria ilisema mlango ukifungwa umefungwa. Niliushikilia wazi, na hata leo mkiniuliza, ningeushikilia.

Niliwasikia kabla sijawaona. Baba alikuwa anahema na kusema, "Taratibu, taratibu, mguu." Walimkuta wifi kwenye kituo cha ngazi cha ghorofa ya kwanza, njiani kurudi. Alikuwa ameshaisikia sauti ya baba na kugeuka, na ndiyo iliyomwokoa. Ukuta wa ngazi uliangukia pale alipokuwa sekunde mbili kabla, ukampata mguu wa kulia tu. Walimleta wamemlaza juu ya shuka. Mweupe mwili mzima, nyusi, kope, vyote. Walipovuka kizingiti, kipande kilichobaki cha ngazi kikateremka nyuma yao, na mlango wetu ukawa unafunguka kwenye kifusi.

Wifi alifumbua macho. "Kumi na nane?"

"Nipo, mwanangu."

"Kwa nini hukuitika?"

Baba alipiga magoti kando yake, bado anahema, fulana imechanika begani. Akamjibu kama shahidi aliyekula kiapo. "Nilikuwa sijavaa."

Ndipo kutoka kwenye godoro, kwa pumzi zake zile za shida, mama mkwe akasema:

"Mkwe, mimi nimeufulia mji huu miaka arobaini. Hakuna fulana wala bukta nisiyoijua. Ulidhani ukijitokeza nitaona nini kipya?"

Baba aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. Wifi naye akacheka, kisha akapiga ukelele wa maumivu, akamtukana fundi viatu aliyekuwa anamfunga mguu kwenye ubao wa pasi, akamwambia akaze zaidi.

Tulitoka kupitia lile tundu. Namba moja kwanza, halafu mtoto mchanga na mama yake, halafu wengine. Wifi alivutwa juu ya ubao wake, amelala chali, na alipokuwa katikati ya ukuta, nusu yake kwetu na nusu kwa fundi viatu, alinishika mkono.

"Kosa ni langu," alisema. "Misumari niliiweka ukuta wa mwisho. Mtu anapita kwenye pazia kabla hajatundika namba. Ihamishie mlangoni. Atundike kwanza, avae baadaye. Umesikia? Leo hii hii."

Mfupa umetoka nje ya ngozi, na mwanamke anapanga misumari. Nilimwambia nimesikia. Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kumwona mtu kama yeye. Nilichosema ni, "Nyamaza, wifi, unameza vumbi."

Alirudi kutoka hospitali siku ya sita, mguu ndani ya plasta mpaka pajani. Tulikuwa tumeshatengeneza ngazi mpya za mbao. Akataka kitanda chake, ghorofa ya kwanza. Nikamwambia kitanda chake kiko chumba cha chini, kimetandikwa, na huko ndiko atakakolala mpaka plasta itolewe. Akakataa. Alisema kuna watu wanaokaa chini siku nzima wakawa wagonjwa wa mapafu, alisema duka halijiendeshi, alisema mimi nilikuja nyumba ile juzi. Juzi! Nina miaka kumi na mbili pale. Tukagombana vizuri, kwa sauti, milango wazi.

Mwishowe akashusha sauti. "Nisikilize. Mguu huu hauteremki kwa dakika nne. Nimeshapiga hesabu. Boila sasa utaizima wewe, kuhesabu utahesabu wewe. Dakika nne zikiisha unafunga mlango, hata kama mimi niko juu. Niahidi."

"Sikuahidi kitu."

"Wifi."

"Sikuahidi kitu mimi!"

King'ora kikalia hapo hapo, tukiwa tunatazamana.

Nilikimbilia boila. Njiani nikampigia baba ukelele wa jina la wifi tu, sikuongeza neno. Moto nikaufunga, mvuke nikauachia, nikaungua mkono wala sikuhisi. Niliporudi kwenye ngazi nilimkuta baba na fundi viatu wanateremka na shuka, na ndani ya shuka wifi yangu, anawaagiza wapi wakanyage na kuwatukana kwa zamu. Baba alikuwa na fulana yake na bukta yake. Namba kaibandika kifuani. Akamwambia mkwe, "Samahani, nisogezee huo mto," naye akamsogezea.

Nilihesabu ukuta. Kisha nikahesabu nyuso kwa tochi, nikimgusa kila mtu bega, na nyuma ya pazia nikatazama. Kumi na watatu. Watano walikuwa kwenye kopo, na mume wangu mmojawapo, huko mtaroni na mabomba yake. Kwake yeye sikuwa na ngazi ya kupanda wala dakika ya kuokoa. Nikasukuma komeo.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini wifi yangu hakuwahi kukaa chini ndani ya chumba kile, hata mara moja, miezi yote ile. Nilidhani ni ubosi. Kumbe ukimaliza kuwahesabu waliomo, hesabu haikomi, inakwenda yenyewe kwa wale wengine. Kaka yake wa pekee alikuwa kwenye kopo kila siku, na yeye alisimama pale akitugawia maji na matusi, asimwambie mtu.

Bomu la kwanza lilianguka upande wa stesheni. Upande aliokuwa mume wangu.

"Wifi," akaniita kutoka kwenye godoro. "Njoo ukae."

"Siwezi."

"Najua huwezi. Kaa hivyo hivyo."

Akajisogeza na plasta yake, kwa shida, mpaka akapata nafasi ya mtu mmoja kati yake na ukuta. Nikaenda nikakaa. Nilimshika mkono, naye akaufinya mpaka ukaniuma, na tukabaki hivyo, tunamngoja mtu wetu.